Randu Achagua Usiku wa Kwenda Funzi

Randu hashuki garini siku hizi kama watu wengine wanavyoshuka. Kwanza hutoa mguu mmoja, akauacha chini upoe. Kisha hushika mlango na kutazama mbele, kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Halafu hutoka kiuno, na kiuno kikishatoka, Randu mwenyewe hufuata baadaye kidogo akinung'unika. Watoto wa Mtopanga wameizoea tamasha hiyo hata wameacha kucheka, na ukiona watoto wa Mtopanga wameacha kukucheka, basi ujue umezeeka kweli.

Ni kazi ya kuendesha watalii iliyomfanya hivyo. Alianza zamani, nywele zikiwa zimejaa kichwani na mgongo haujui kusema. Amewapeleka watu njia ya Wasini, njia ya Chale, njia ya Funzi, Wazungu, Wahindi, watu wa bara, maharusi, wajane, na siku moja kwaya nzima iliyoimba kutoka Changamwe hadi Shimoni bila kumeza mate. Hakuna kisiwa ambacho Randu hajakifikia, na hakuna hata kimoja alichokiona. Maana kazi ya dereva huishia pale maji yanapoanzia. Wageni hupanda boti, yeye hubaki na gari, akateremsha kiti nyuma na kulala mdomo wazi. Wakirudi na pua nyekundu humweleza habari za pomboo, naye huitikia, "Ala! Hata leo walikuwako?" kama mtu anayewajua pomboo kwa majina.

Majirani zake hawaielewi kazi hiyo. Husema, visiwa, visiwa, kwani Mombasa yenyewe si kisiwa? Sisi wa huku Kisauni twaenda kisiwani kila uchao kununua vitunguu, na hakuna anayetupiga picha.

Mwaka huu mgongo ulianza kuzungumza kwa sauti. Daktari aliubonyeza, akasema pingili zimechoka na kwamba dawa kubwa ni kuacha usukani. Randu akashukuru kwa adabu, akaenda nyumbani, akachukua leso ya mkewe, akaikunja, akajifunga kiuno kwa nguvu ndani ya shati la kazi, akaenda kuendesha.

"Baba Munga," mkewe Purity akamwambia, "leso huenda mbili mbili. Hii moja naivaa Jumapili kanisani, watu waniuliza mwenzake yuko wapi. Niwaambie yuko Diani na watalii?"

"Waambie yuko kazini," Randu akasema. "Kati ya hizo mbili, angalau moja ina ajira."

Bosi wake ni Lynnette, binti wa watu wa bara, aliyeletwa Chaani akiwa mchanga wakati babake alipopata kazi bandarini. Kwa hivyo Kiswahili chake ni cha hapa, ila haraka yake ni ya kwao. Ana ofisi ndogo na magari mawili, na kichwani ana mipango ya magari ishirini. Mpango wake mpya ulikuwa nyota. Aliwahi kusikia kwamba watu wa miji mikubwa wameziziba mbingu zao kwa taa, na sasa wanafunga safari kwenda kuzitafuta kwingine. Akasema, kwa nini wasizitafute Funzi? Kisiwa kimekaa ndani ya mikoko, hakina makelele, na usiku maji yakitoka, fungu la mchanga mweupe hujitokeza katikati ya bahari, safi kama mkeka uliotandikwa.

Akamwita Randu ofisini.

"Kaa, Mzee Randu."

"Nikikaa, kuinuka kutakuwa safari nyingine. Nambie tu hivi hivi."

"Nataka mtu wa kuwa mwenyeji kule Funzi," Lynnette akasema. "Awapokee wageni, awapangie boti na chakula, awakalishe kwenye fungu usiku watazame nyota. Hakuna kuendesha kabisa."

Mkono wa Randu ulikwenda wenyewe kwenye leso.

"Nakupa safari moja. Uipange wewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mimi sitii mkono. Wageni wakirudi wamefurahi, usukani nampa kijana, wewe wahamia kisiwani. Wasipofurahi..."

"Narudi garini."

"Warudi garini, mzee wangu. Sina kazi ya tatu. Ningekuwa nayo ningekupa, Mungu ajua."

"Na usiku wenyewe?"

"Chagua wewe. Wewe ndiye mtu wa pwani. Chagua usiku ulio mzuri kuliko wote."

Sasa hapa, ewe msomaji uliyezaliwa kwenye taa za barabarani, usije ukamcheka mtu wa watu. Mwulize yeyote kuanzia Likoni mpaka Malindi akuonyeshe usiku ulio mzuri kuliko wote katika mwezi, na asipokutajia mwezi mpevu, mtazame vizuri, huenda ni mchawi au mwizi wa kuku. Kule Kaloleni alikokulia Randu, ngoma ilipangwa kwa mbalamwezi, arusi ilipangwa kwa mbalamwezi, hata matanga yakiweza kusubiri yalisubiri. Watoto hawakulazwa mapema usiku huo. Kiza kilikuwa cha nyoka na cha wagonjwa. Kumwalika mgeni usiku wa kiza ni sawa na kumwonyesha choo na kumnyima taa.

Randu alilifikiria jambo lake kwa makini, hakukurupuka. Fungu la Funzi halijitokezi vizuri ila siku za bamvua, bahari inapojaa sana na kutoka sana. Na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, moja wakati wa kiza na moja wakati wa mbalamwezi. Alikuwa na nafasi mbili mkononi. Moja ilikuwa sawa, akachukua ile nyingine.

Wala hakuchukua peke yake. Alimwuliza Purity, naye akasema, "Mbalamwezi kwenye mchanga, katikati ya bahari? Hata mimi ningekwenda, kama kuna mtu angenialika." Akampigia simu Mwanamkasi, mama wa Kidigo anayewapikia wageni kule Funzi, na ambaye boti ni ya mwanawe. Mwanamkasi akapiga kigelegele kwenye simu.

"Wallahi, Randu, hapo umepiga penyewe! Huo ni usiku wa arusi. Nyinyi Wagiriama kumbe mna akili, mwaificha tu."

Watu watatu wa pwani wakakubaliana kwa kauli moja. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza nyota zenyewe zina maoni gani.

Siku ikafika. Wageni walikuja na treni ya mchana, na Randu akawapokea pale stesheni ya Miritini amevaa shati lililopigwa pasi, leso imekazwa ndani. Walikuwa watano. Kiongozi wao aliitwa Fidel, kijana wa Nairobi mwenye miwani na upole, amekumbatia sanduku refu kama jeneza la mtoto. Ndani mlikuwa na darubini.

"Hii haiingii nyuma na mizigo, mzee," akasema. "Hii tunaibeba kwa mapaja."

Miongoni mwao alikuwako mamake, Mama Jael, mwalimu mstaafu, mwanamke mpana anayetembea na fimbo. Akakaa mbele, karibu na dereva, akafunga mkanda, kisha akamgeukia Randu kama anayemwita mtoto wa nyuma darasani.

"Dereva, sikiliza. Nyonga yangu hii moja imewekwa chuma. Ukinirusha, nitajua."

"Mama," Randu akasema, "wewe ukirushwa, mimi nitakuwa nimeshakufa zamani. Tulia."

Na hakusema uongo. Tangu mgongo uharibike, Randu ameendesha gari kwa namna ambayo haifundishwi shule yoyote. Kila shimo kati ya Miritini na mpaka wa Tanzania analijua kwa maumivu yake. Tuta huliona likiwa mbali bado, akaanza kulinyenyekea, akalipanda upande upande, akaliteremka kwa upole kama anayeshusha mtoto aliyelala. Malori humpigia honi, bodaboda humpita na kumtazama kama wanaopita jeneza. Yeye hana habari. Haendeshi hivyo kwa ajili ya wageni hata kidogo. Anauendesha mgongo wake, na wageni wamepewa lifti tu.

Walipoingia barabara ya Dongo Kundu, Mama Jael alikuwa bado anasema juu ya madereva wa kwao. Walipomaliza daraja la mwisho, alikuwa amelala, fimbo mapajani, mdomo umefunguka kidogo. Akaamkia Bodo, mwisho wa njia, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko.

"Tumefika?" akauliza kwa hasira kidogo, kama aliyenyang'anywa kitu.

Boti ilikuwa tayari. Na hapo ndipo Randu alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alifunga gari, akampa ufunguo mlinzi wa pale ufukweni, akatembea hadi kwenye maji. Mwana wa Mwanamkasi na nahodha mwenzake wakamkamata makwapani, wakamwinua na kumwingiza botini kama gunia la chumvi. Shati likapanda, leso ikachomoza, ya buluu yenye maua. Nahodha akaiona, akanyamaza kwa heshima, lakini macho yake yalicheka mpaka Funzi.

Mwanamkasi hakuwa na heshima hiyo. "Bwana Randu!" akapaza sauti toka ufukweni, mwiko mkononi. "Kumbe mkeo naye amekuja! Mbona amebaki nguo tupu?"

"Amekuja kuangalia kama wapika au wachafua samaki."

"Karibuni, karibuni wageni. Huyu msimsikilize, huyu nimemzoea. Kwao nazi huwaharibikia kwenye mnazi, kwa kugema tembo."

Wakala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kaa waliomtoa Mama Jael jasho la raha. Randu alizunguka nyuma ya wageni akiuliza kama maji yamefika, kama mto wa kuegemea upo, kama mbu wanasumbua. Kiuno kilimwuma lakini uso ulikuwa wa bwana harusi. Alishajiona mwenyeji wa Funzi. Angekuwa na kiti chake hapa, chini ya makuti haya, na jioni angewasikia wageni wakiwasili kwa boti naye angeinuka polepole, kwa wakati wake, kuwalaki. Pasingekuwa na Dongo Kundu, pasingekuwa na honi.

Magharibi ilipopita, mwezi ukachomoza.

Lo! Ulichomoza nyuma ya mikoko mkubwa kama sinia la pilau, mwekundu kwanza, kisha wa dhahabu, kisha mweupe, na ulipopanda juu ya majani kisiwa kizima kikawa kama kimemwagiwa maziwa. Ungeweza kuchambua mchele. Ungeweza kutia uzi kwenye sindano. Mwanamkasi akapiga kigelegele kingine. Randu akasimama mbele ya wageni wake, akanyoosha mkono kama aliyeuleta yeye mwenyewe kwa mkokoteni.

"Haya sasa! Taa imeshawashwa. Maji yakitoka twaenda kwenye fungu mkazitazame nyota zenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Fidel alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Mzee Randu," akasema taratibu, "kwani ulijua leo mwezi itajaa hivi?"

"Nilijua! Ndiyo maana nikauchagua."

Mmoja wa vijana akacheka puani, Fidel akamtazama akaacha.

"Mzee, nyota zinataka giza. Mwezi ikiwaka hivi, inazifuta zote. Tulitaka kuona lile wingu la nyota linakata mbingu katikati. Leo hata kivuli yake hatutaiona."

Randu alitazama juu. Na kweli, mbingu ilikuwa tupu. Nyota tatu nne kubwa kubwa zimebaki zikipepesa kama watu waliosahauliwa kwenye karamu. Miaka yote hii hakuwahi kufikiri kwamba mwezi na nyota hawaketi pamoja. Nani afikiri hivyo? Nyota kwake zilikuwa kitu cha bure cha usiku mbaya.

"Kiza?" akasema kwa sauti ndogo. "Mgeni nimtie kizani?"

"Wallahi hawa watu wana mambo," Mwanamkasi akaingilia. "Kiza! Wangekuja wiki mbili nyuma, kiza kilikuwa kimejaa hapa hata kijiko nilikitafuta kwa kupapasa. Wangekichukua chote, wakafunganya na kingine wakaenda nacho Nairobi."

Mama Jael peke yake ndiye aliyecheka.

Walikwenda kwenye fungu vilevile, maana wamefika na boti ipo. Maji yalikuwa yameondoka mbali, mchanga umelala mrefu, mweupe, baridi. Fidel akaisimamisha darubini kwa miguu yake mitatu na, kwa kukosa la kufanya, akaielekeza kwenye huo huo mwezi. Wakatazama kwa zamu. Fidel hakuwa mtu wa kinyongo. Akamwita Randu pia.

"Njoo uone mgeni wako, mzee."

Randu akainama kwa shida, akafumba jicho moja, kisha akakumbuka kwamba ni lile jingine. Akakaa hapo kitambo.

"Kumejaa mashimo," akasema.

"Ndiyo, mzee. Ni mashimo kila mahali."

"Mpaka huko." Akainuka ameshika kiuno. "Basi asije Lynnette akaniambia nipeleke watu huko."

Hapo wakacheka wote, hata aliyecheka puani. Lakini Randu hakuwa anacheka. Alitembea hatua chache pembeni, na kwa kuwa kusimama kulimuuma na kukaa kulimuuma, akajilaza chali mchangani. Mchanga ukampokea. Ubaridi ulipenya shati, ukapenya leso, ukaufikia mgongo pale pale palipochoka, na mgongo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, ukanyamaza. Hakuthubutu kujigeuza. Alilala akiutazama mwezi uliomponza, mzuri vilevile, haujui lolote. Akafikiri, kumbe hii ndiyo kazi yenyewe. Kumbe nilikuwa nimeishika mkononi. Akasikia maji yakivuta changarawe mbali kule, na sauti za wageni, na akatamani wasimwite. Wakamwita.

Siku ya pili akawarudisha. Mama Jael alilala kuanzia Bodo, wala hakungoja lami. Pale Miritini Fidel alimshika mkono kwa mikono miwili. "Tutarudi mzee, lakini kwa giza." Randu akaitikia, akawasaidia mizigo kwa mdomo, maana kwa mikono hangeweza.

Nyumbani Purity alimwekea uji, akamfungua leso kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza kusikiliza, akasema, "Mimi pia ningeuchagua huo mwezi."

"Najua."

"Basi bosi akikusema, mwambie na mkeo ni mjinga."

"Hilo nitamwambia hata asiponisema."

Zikapita siku, Lynnette akamwita. Randu alipanda ngazi za ofisi akiwa na tumaini dogo, la kijinga, lile ambalo mtu hulificha hata mwenyewe asilione. Si wageni walicheka? Si walishikana mikono?

"Mzee Randu," Lynnette akasema, "nyota hawakuona."

"Hawakuona."

"Tarehe nitapanga mimi sasa, wakati wa kiza. Na mwenyeji wa kule nimempa Mwanamkasi. Yuko pale pale, anapika pale pale, na alivyowachekesha hawajamsahau." Akasita. "Usikasirike."

"Mimi sikasiriki. Kukasirika kwataka mgongo."

"Sasa ngoja nikwambie jambo la kufurahisha. Wanarudi! Wanarudi na watu zaidi, mwezi ukifa tu. Mama Jael alinipigia mwenyewe. Alisema tangu awekewe chuma kwenye nyonga hajawahi kufumba jicho ndani ya gari, lakini kwako alilala kama mtoto, kwenda na kurudi. Alisema maisha yake yote hajaona dereva kama wewe. Ametoa sharti moja tu, kwamba asipokuwa dereva yule, yeye haji, na asipokuja yeye, Fidel haji."

Randu alimtazama.

"Ameshawaambia wenziwe wa kanisani, wote wana magoti na viuno," Lynnette akaendelea, uso umeng'aa. "Kila mtu anamtaka dereva wa polepole. Nitakutoaje kwenye usukani, Mzee Randu? Wewe ndiwe biashara yenyewe!"

Kisha akainama nyuma ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni. Ulikuwa mto wa kiti cha gari, mwekundu, mnene, wa kuegemeza kiuno.

"Huu ni wako," akasema. "Sasa mrudishie mama leso yake."

Alikuwa amesema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililochosha zaidi. Randu akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Alasiri ile Mwanamkasi alipiga simu. "Randu, nisamehe. Wallahi sikuiomba kazi hiyo."

"Najua."

"Ukija na wageni, njoo mpaka huku. Nitakuachia mahali mchangani ulale."

"Na gari?"

Wote wawili wanajua kazi ya dereva inaishia wapi.

Wiki ile ile akatumwa Miritini kupokea kundi jingine, wazee wa kanisa, kila mmoja na kiungo chake kibovu. Aliwapakia, akauweka mto nyuma ya kiuno, na juu ya leso, maana leso hakuirudisha, akaondoka. Walipokaribia tuta kubwa la kwanza, wazo likamjia Randu, wazo la kitoto. Alivamie. Mara moja tu, kwa kishindo, wazee wapige yowe, wapige simu ofisini, waseme dereva huyu hafai, mtoeni. Akakanyaga mafuta. Gari likanguruma kwa mshangao. Tuta likaja, likaja.

Na mgongo ukaliona kabla yake. Mguu ukaondoka kwenye mafuta wenyewe, ukaenda kwenye breki, mikono ikageuza usukani kidogo upande, na gari likapanda tuta na kuteremka upande wa pili kwa upole, bila hata kikombe kucheza.

Nyuma yake mtu akapiga mwayo mrefu wa raha.

"Dereva," sauti ya kizee ikasema, ikianza kuzama usingizini, "Mungu akuweke hapo hapo."

"Amina," Randu akasema, akalitazama tuta la mbele.